Kuzisoma alama za CAT4 mtoto anapoanza sekondari Uingereza

Kati ya Septemba na likizo fupi ya Oktoba, shule nyingi za sekondari Uingereza huwapima watoto wa Mwaka wa 7 uwezo wao wa kufikiri. Mtihani utakaokutana nao mara nyingi ni CAT4 wa GL Assessment, toleo la nne lililotoka 2012. Shule nyingine hutumia MidYIS ya Cambridge. Shule za kimataifa zinazofuata mtaala wa Uingereza, Nairobi na Dar es Salaam zikiwemo, nazo huutumia CAT4, hasa zinapopokea mwanafunzi mpya. Wiki chache baadaye mzazi analetewa karatasi yenye namba nne na wastani wake, au haletewi kitu kabisa, anasikia tu kwamba mtoto amepangwa seti ya tatu ya hesabu, yaani kundi la tatu kwa uwezo.

Tuanze na kisicho CAT4. Si ule mtihani wa 11+ wa kuingia grammar school, sekondari ya umma inayochagua watoto kwa mtihani, unaofanywa mwanzoni mwa Mwaka wa 6 katika maeneo kama Kent na Buckinghamshire. CAT4 ya Mwaka wa 7 hufanywa mtoto akiwa ameshapata nafasi, haina kufaulu wala kufeli, na hakuna anayefukuzwa kwa sababu yake. Wala haipimi alichofundishwa. Hakuna insha, na hesabu zake hazizidi za msingi. Mtoto anachotakiwa ni kuona uhusiano: kati ya maneno, kati ya namba, kati ya maumbo.

Shule huupenda kwa sababu SATs, mitihani ya taifa ya mwisho wa msingi, hupima kilichosomwa tu, na kuna watoto ambao hawana SATs kabisa. Waliomaliza msingi 2020 na 2021 walikosa kwa sababu mitihani ilifutwa wakati wa korona. Mtoto aliyehamia kutoka Mombasa, Bujumbura au Muscat naye hana. Kwake CAT4 inaweza kuwa namba pekee ambayo shule inayo, na ndiyo maana mzazi wake anapaswa kuielewa kuliko mwingine yeyote.

Kilichomo ndani

Kuna mafungu manne, kila fungu lina majaribio mawili mafupi, na yote manane hugawanywa katika vikao vitatu. Maswali ni 168 ya kuchagua jibu, na muda wa kujibu ni dakika 72 ukiyajumlisha yote, mbali na maelezo na maswali ya mazoezi yanayotangulia kila jaribio. Kiwango kinachotumika sana Mwaka wa 7 huitwa Level D.

Kikao cha kwanza ni maumbo matupu. Kwanza mtoto anaonyeshwa maumbo matatu yanayofanana kwa jambo fulani, atafute la nne kati ya matano (maswali 24, dakika 10). Kisha anapewa jedwali la maumbo lenye kisanduku kimoja kitupu, akijaze (24, dakika 10). Hakuna neno la kusoma ndani ya swali.

Kikao cha pili kinaanza na maneno. Katika kundi la maneno, mtoto hupewa matatu na kutafuta la nne. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: embe, pera, papai, chagua kati ya mchicha, mwembe, nanasi, juisi, tamu. Jibu ni nanasi, lakini mwenye haraka atachukua mwembe au juisi kwa sababu vinanukia embe. Jaribio la pili ni la ulinganifu: kiatu kwa mguu ni kama kofia kwa nini? Kila moja lina maswali 24 kwa dakika 8, yaani sekunde 20 kwa swali. Hapo ndipo mtoto anayetafsiri kichwani anapoachwa nyuma.

Kikao hichohicho kinamalizia na namba zinazokwenda kwa jozi, maswali 18 kwa dakika 10. Mfano: 2 inazaa 5, 4 inazaa 9, je 7? Anayetazama jozi ya kwanza pekee atasema ongeza 3, aandike 10, na kwa bahati mbaya 10 huwa imewekwa miongoni mwa majibu ikimsubiri. Kanuni lazima ifae jozi zote mbili: zidisha kwa 2, ongeza 1. Jibu ni 15.

Kikao cha tatu kinafungua kwa mfululizo wa namba (18, dakika 8). Ule wa kawaida ni kama 3, 4, 6, 9, 13, halafu 18, kwa kuwa pengo linakua kwa moja kila hatua. Unaowakwamisha wengi ni wa nyuzi mbili zilizosukwa pamoja: 20, 5, 18, 7, 16, 9. Ukiruka moja moja utaona 20, 18, 16 zinashuka na 5, 7, 9 zinapanda, kwa hiyo inayofuata ni 14.

Mwisho ni uwezo wa kulizungusha umbo akilini, fungu ambalo wazazi wengi hawalijui kwa sababu shuleni hakuna somo lenye jina hilo. Karatasi inakunjwa, inatobolewa tundu, na mtoto aseme itaonekanaje ikikunjuliwa (18, dakika 9). Jaribu nyumbani: kunja karatasi ya A4 nusu, kisha nusu tena, toboa mara moja. Ukikunjua unapata matundu manne. Sasa kunja nusu, halafu kunja pembe moja tu ndani, utoboe mahali ambapo ile pembe haikufika: yanatoka mawili. Kosa la kawaida ni kuhesabu mikunjo badala ya tabaka zilizopo pale palipotobolewa. Jaribio la mwisho ni kutafuta umbo dogo lililofichwa ndani ya michoro iliyosongamana (18, dakika 9). Umbo lazima liwe na ukubwa uleule, na linalofanana nalo lakini kubwa kidogo ni mtego.

Maandalizi: kidogo kinatosha

Hatushauri kununua vitabu vya mazoezi vya CAT4 kwa ajili ya Mwaka wa 7, wala kumlipa mwalimu wa ziada. Mtoto aliyefundishwa mbinu kwa wiki nyingi anaweza kupanda pointi kadhaa, na kisha shule itamwekea malengo kulingana na namba hiyo. Atakayeumia ni yeye, anapoambiwa kila muhula kwamba yuko chini ya kiwango chake. Tena udhaifu ambao ungeonekana na kupatiwa msaada utakuwa umefunikwa.

Mambo haya ndiyo yana faida:

- Nusu saa ya kumwonyesha aina za maswali, ili asiduwae anapoziona mara ya kwanza. Mifano ya hapo juu inatosha.
- Kumweleza kwamba jibu la makosa halipunguzi alama. Asiache swali tupu. Zikibaki sekunde chache, abahatishe yaliyosalia.
- Miwani, kifaa cha kusikia na dawa alizoandikiwa viwe naye. Kwenye kompyuta maelezo husomwa kwa vipokea sauti vya masikioni, na asiyesikia vizuri hupoteza mazoezi ya mwanzo yanayoeleza kazi yenyewe.
- Akiwa mgonjwa siku hiyo, mjulishe mwalimu asubuhi ileile na uombe apangiwe siku nyingine. Malalamiko yanayokuja baada ya matokeo huwa hayana nguvu.

Hali ni tofauti pale CAT4 inapotumika kumpokea mtoto katika shule ya kulipia, kwa sababu hapo alama inaweza kuamua. Na kuna mtihani mwingine unaowachanganya watu: baadhi ya shule za umma, hasa London, huwapima waombaji ili kuwagawa katika bendi za uwezo na kuchukua idadi fulani kutoka kila bendi. Katika mfumo huo alama kubwa haimpi mtoto nafasi zaidi. Inambadilishia tu anaoshindana nao.

Namba zenyewe

Alama ya msingi kwenye ripoti ni SAS, alama sanifu ya umri. Wastani wa taifa ni 100. Takriban theluthi mbili ya watoto wako kati ya 85 na 115, na waliovuka 130 au kushuka chini ya 70 ni wachache sana.

Neno umri hapo lina uzito. Mtoto hulinganishwa na wenzake wa umri wake kwa miaka na miezi. Chukua wawili wa darasa moja, mmoja wa Septemba na mwingine wa Agosti mwaka unaofuata. Wamepishana karibu mwaka mzima. Wote wakipata majibu sahihi 30 kati ya 48 ya maneno, wa Agosti atapewa SAS ya juu zaidi. Kwa hiyo usishangae mwanao akikuambia alimzidi mwenzake maswali lakini SAS yake iko chini.

Pembeni ya SAS utakuta stanaini, kipimo cha 1 hadi 9 ambacho 5 ndiyo katikati, sawa na SAS ya 97 hadi 103. Stanaini 4 ni 89 hadi 96, na 6 ni 104 hadi 111. Utakuta pia nafasi ya kitaifa kwa asilimia. Hii ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Mtoto mwenye nafasi ya 53 hakupata asilimia 53 ya maswali. Maana yake ni kwamba yuko sawa au juu ya watoto 53 kati ya 100 wa umri wake.

Halafu kuna mstari mfupi unaopita pande mbili za alama kwenye grafu. Huo ni ukanda wa uhakika wa asilimia 90: kipimo kinakiri kwamba alama halisi ya mtoto inaweza kuwa pointi kadhaa juu au chini ya iliyoandikwa. Ndugu wawili wenye 98 na 102 hawana tofauti yoyote ya kuzungumzwa mezani.

Na tahadhari moja ambayo hata walimu huisahau. SATs nazo zina 100, katika kipimo cha 80 hadi 120, lakini ni 100 nyingine kabisa. Kwenye SATs, 100 ni mstari wa kiwango kinachotarajiwa, na wastani wa kitaifa umekuwa ukikaa juu yake kidogo, kwenye 104 au 105. Kwenye CAT4, 100 ndiyo wastani wenyewe. Mtoto mwenye 104 ya SATs na 100 ya CAT4 hajashuka.

Usiutazame wastani kwanza

Huu ndio ushauri mkuu wa mwongozo huu, nao unahitaji mfano. Tuseme ripoti inasema hivi:

Maneno 84. Namba 101. Maumbo 112. Umbo akilini 115. Wastani 103.

Anayesoma namba ya mwisho ataona mtoto wa kawaida kabisa. Lakini hakuna mtoto wa 103 hapo. Kuna mtoto ambaye kwa maumbo na uwezo wa kuyazungusha akilini anawazidi takriban wanane kati ya kumi wa umri wake, na kwa maneno ya Kiingereza yuko chini kabisa, nafasi ya 14 hivi. Hesabu zake ziko katikati, pengine kwa sababu hajazoea majina na taratibu za darasa la Uingereza.

Kama mtoto huyu amekuwa akizungumza Kiswahili nyumbani na kusoma nje ya Uingereza hadi mwaka jana, ile 84 inapima kwanza msamiati wake wa Kiingereza. Anaijua patasi, anaijua randa, anajua zote ni vifaa vya seremala. Asichokijua ni jina la Kiingereza lililoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, na ana sekunde 20. Uwezo wake wa kufikiri unaonekana kwenye 112 na 115. Shule ikimweka seti ya chini ya sayansi kwa sababu ya wastani, au mbaya zaidi kwa sababu ya 84, imemkosea, na hapo ndipo mzazi ana haki ya kuomba kikao.

Kwa mtoto aliyefika juzi, omba kabla ya mtihani kwamba afanye maumbo, namba na umbo akilini tu, maneno yasubiri. Fungu la maneno likishafanyika, omba alama yake isiingizwe kwenye wastani unaotumika kumpangia seti. Si upendeleo. Kila fungu linasimama peke yake na alama yake inatoka peke yake, kwa hiyo shule haipotezi kitu.

Sura ya kinyume ipo pia: maneno 118, umbo akilini 90. Huyu anasema vizuri, anaandika vizuri, na walimu humwona hodari kila mahali, mpaka wafike kwenye michoro ya sayansi, grafu na jiometria. Msaada wake ni mdogo na wa vitendo: aelezwe mchoro kwa maneno, hatua kwa hatua, naye auchore mwenyewe. Alama zote nne zikiwa karibu karibu, zote za 95 au zote za 110, basi wastani unasema kweli na huna mengi ya kuchimba.

Alama moja ikianguka mbali na nyingine bila sababu ya lugha, uliza kilichotokea siku hiyo kabla ya kuuliza kuhusu mtoto. Kompyuta ilizima? Alitoka darasani? Aliacha maswali mangapi bila kujibu? Mfumo wa kompyuta huonyesha idadi ya yaliyojaribiwa. Mtoto aliyejibu 14 kati ya 24 na kupata 13 ni mwangalifu ila hana kasi. Aliyejibu yote 24 na kupata 13 ana tatizo tofauti, ingawa alama yao ni ileile.

Ilinganishe na kipimo cha kusoma

Shule nyingi hufanya pia mtihani wa kusoma mwezi huohuo, kwa mfano NGRT, nao una wastani wa 100 kama CAT4. Kwa kuwa mizani ni moja, namba hizi mbili unaweza kuziweka bega kwa bega. Mtoto mwenye maneno 110 kwenye CAT4 na kusoma 85 anafikiri vizuri kwa maneno ila kusoma kwenyewe kunamshinda. Pengo la namna hiyo halithibitishi disleksia, yaani tatizo la kudumu la kusoma na kuandika, lakini ni sababu nzuri ya kumwandikia SENCO, mratibu wa mahitaji maalumu wa shule, na kuomba uchunguzi. Zote mbili zikiwa chini kwa mtoto mgeni wa Kiingereza, anza na lugha.

Malengo ya GCSE

Ripoti ya shule huenda ikaja na makadirio ya alama za GCSE, mitihani ya Mwaka wa 11, kuanzia 9 ya juu hadi 1 ya chini, miaka mitano kabla ya mtihani wenyewe. Makadirio haya hutoka kwa watoto waliotangulia: waliokuwa na SAS kama hii, wengi wao walipata alama gani. Wengi, si wote. Mara nyingi kuna safu ya pili, ya kile ambacho mtoto angeweza kufikia akisukumwa zaidi. Uliza ni safu ipi shule imetumia kuweka lengo la mwanao. Uliza pia kama lengo limetoka CAT4 au SATs, maana shule nyingi hutumia makadirio ya FFT, shirika la takwimu za elimu, ambayo msingi wake ni SATs.

Lengo la 4 lililotokana na wastani wa mtoto aliyekuwa hajui Kiingereza si lengo, ni kosa la karatasi. Omba lihesabiwe upya mwisho wa mwaka.

Ukienda shuleni

Mwandikie kwanza mwalimu mlezi wa darasa. Akishindwa, mkuu wa Mwaka wa 7. Usiulize "mwanangu ana akili kiasi gani", utapewa jibu la adabu lisilo na kitu. Uliza haya: alama nne moja moja ni zipi, ni nani kati ya walimu wa masomo amezipata, zimetumika kupanga seti gani, na seti hizo zitaangaliwa tena lini. Swali la mwisho ndilo lenye matunda, kwa sababu likishajibiwa kwa barua pepe una tarehe ya kukumbushia.

Usiombe arudie mtihani uleule baada ya miezi miwili. Atakuwa ameuzoea, na namba mpya haitamaanisha kitu. Baadhi ya shule hupima tena Mwaka wa 9 kwa kiwango cha juu zaidi, na kwa mtoto aliyekuja bila Kiingereza alama ya maneno ya wakati huo ndiyo ya kuaminiwa.

Shule ikikataa kukupa namba, ziombe kwa maandishi. Katika shule za England zinazoendeshwa na halmashauri, mzazi ana haki ya kuona kumbukumbu za elimu za mtoto ndani ya siku 15 za shule. Kwa akademi (shule za umma zisizo chini ya halmashauri) na shule za kulipia, tumia sheria ya ulinzi wa data, ambayo kwa kawaida inatoa mwezi mmoja. Haki hiyo ni ya mtoto mwenyewe, kwa hiyo shule inaweza kutaka ridhaa yake akiwa na umri wa kuelewa. Taja jina la mtihani, mwezi uliofanyika, na useme unataka SAS ya kila fungu, si maelezo ya jumla.